Mlango wa Mbele, Mtaa wa Brisco

3 Novemba

Leo tumeondoa meza ya babu ya Siku ya Wafu: maua ya rangi ya chungwa, mkate, chumvi, picha yake akiwa na kofia. Bibi amekataa katakata niguse fundo la kitambaa cheusi lililo kwenye mlango wa mbele. Nilimwambia, "Bibi, mwaka wa pili umekwisha. Si tulitoe, tuufungue mlango?" Akasema, "Mlango wangu, huzuni yangu. Wewe kinakuwasha nini?" Basi nikachukua ufagio.

Baba alipoona naandika aliuliza kama ni kazi ya shule. Nikasema ndiyo. Si kweli. Naandika kwa sababu kwa mdomo sitoi kitu. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na muhula uliopita walimu wote wawili waliandika maneno yale yale kwenye ripoti, mmoja kwa Kihispania, mwingine kwa Kiingereza: Odilia ajitahidi kushiriki darasani. Yaani nimekuwa bubu wa lugha mbili.

5 Novemba

Baridi. Malori tangu alfajiri. Hakuna kitu.

7 Novemba

Mtu wa jiji amebandika barua kwenye mlango wa mbele, ule usiofunguliwa. Tungekaa wiki nzima bila kujua kama si Kaz wa yadi ya vyuma. Kaz ndiye anayeendesha kreni yenye makucha, ile inayookota magari mabovu kama mtu anayeokota dagaa sahanini. Akiwa kule juu anauona mtaa mzima kutoka mtoni mpaka relini, na kunyamaza hajui.

"Wee binti wa mbao!" alinipigia kelele nikirudi kutoka shule. "Mmeletewa barua ya mapenzi mlangoni!"

Niliinamisha kichwa, kama kawaida yangu akinitania. Ananiita binti wa mbao kwa sababu Baba anatengeneza paleti, zile za kupangia mizigo, kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba. Simpendi Kaz. Mdomo wake mkubwa kama makucha ya ile kreni.

Nilitafsiri barua mezani. Mimi ndiye mdomo wa nyumba hii mbele ya Kiingereza cha ofisi, na kama hicho si kichekesho sijui kichekesho ni nini. Barua inasema mtaa huu ni eneo la viwanda. Nyumba yetu ilijengwa kabla ya ramani kupakwa rangi ya viwanda, ndiyo maana ikaachiwa iendelee kuwa makazi, mradi watu wasiihame. Ikikaa tupu mwaka na nusu, ruhusa imekwisha na hairudi. Mkaguzi, yule aliyepita Oktoba, ameona kwamba yetu ilikaa tupu zaidi ya muda huo tangu alipokufa babu. Karakana iendelee na kazi. Lakini ndani ya nyumba asilale mtu baada ya mwisho wa Januari. Tukipinga, bodi ya matumizi ya ardhi itatusikiliza tarehe kumi na nane Desemba.

Mama alikuwa bado na sare yake ya dobi la hospitali. "Yaani paleti zina ruhusa ya kulala hapa, sisi hatuna?"

"Paleti ni bidhaa," Baba akasema taratibu.

"Basi niandikishe na mimi bidhaa, Fermín."

Bibi hakuacha kuchambua maharage. "Tupu?" alisema. "Na haya alikuwa anapika nani?"

Nilipokwenda kulala niliifungua ramani ya jiji kwenye simu. Mtaa wetu wote una rangi ya zambarau. Nilikuza, nikakuza, mpaka nikaliona paa letu. Zambarau.

9 Novemba

Jumapili. Tumekaa tangu misa tunajaribu kuelewa nyumba yenye watu wanne ilikufaje kwenye makaratasi.

Kwanza ni Bibi. Babu alipozikwa, alivaa koti lake jeusi, akapanda basi, akaenda ofisi ya gesi, ya umeme na ya maji, akafunga kila kitu kilichokuwa na jina la babu, Anselmo. Hakuandikisha kwa jina lingine. Alirudi akamwambia Baba avute bomba na waya kutoka karakanani, na Baba, ambaye hajawahi kumkatalia mama yake chochote, akavuta. Kwa mkaguzi, nyumba isiyolipia maji wala umeme kwa miaka miwili haina mtu.

Pili ni barua. Malori yaliliangusha sanduku letu la barua la barabarani kila tulipolisimamisha, mwishowe tukakata tamaa. Barua zetu zote zinakwenda kwa shangazi Chayo. Hata shuleni mimi ni mkazi wa kwa shangazi Chayo, vinginevyo nisingepata nafasi kwenye shule ya lugha mbili.

Tatu ni sura yake. Madirisha ya mbele Baba aliyaziba kwa mbao kwa ajili ya vumbi la malori. Mlango una fundo jeusi. Sisi tunaingilia uchochoroni, kupitia geti la karakana. Ukisimama barabarani utasema humo wanakaa popo.

Ninachokiona mimi ni kwamba hakuna aliyedanganya. Mkaguzi ameandika alichokiona.

12 Novemba

Wakili wetu ni wa bure, anaitwa Bi. Tolliver, ofisi yake iko chini ya kanisa la Wabaptisti. Ana sauti ya mtu aliyezoea kusikika nyuma ya ukumbi. Tulimpelekea picha: keki zangu za kuzaliwa, Bibi jikoni, mti wa Krismasi.

"Nzuri," alisema, "ila keki ni keki. Bodi watauliza jiko hili liko wapi." Akasukuma bakuli la karanga kwangu. "Makaratasi yanasema nyumba ilikufa. Nahitaji mtu aliye hai, asiye wa ukoo wenu, aape kwamba ilikuwa inaishi. Jirani."

"Jirani zetu ni viwanda," Mama akasema, na mimi nikatafsiri.

"Viwanda vina watu."

Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza napenda somo gani. Nikasema hesabu. Akangoja niongeze. Sikuongeza. Akala karanga.

20 Novemba

Mama na mimi tumezunguka mtaa mzima wakati wa kubadilishana zamu. Kwenye kiwanda cha kupaka mabati zinki, vijana wote ni wapya. Kwenye kiwanda cha chapati za mahindi, akina mama wanatujua, wametukumbatia, Lupe akatupa fungu la chapati za moto tule njiani. Lakini Mama alipowauliza wangeapa nini, Lupe alikuna kichwa.

"Comadre, dada yangu, sitaki kudanganya. Mimi nawaona mnaingia getini kwa Fermín. Nikadhani tangu mzee afe mnafanya kazi tu pale, jioni mnakwenda kwenu."

"Kwetu ndiko pale."

"Ndiyo, sasa najua, kwa sababu umeniambia sasa."

Kwenye yadi ya vyuma Mama alikataa kuingia. Mwenye yadi ndiye aliyeomba kupanua maegesho ya malori, na ombi hilo ndilo lililowaleta wakaguzi kwenye mtaa wetu. Kaz alitupungia mkono toka juu. Mama hakumpungia. Wala mimi.

Nimeanza kufikiri ni yeye aliyemwelekeza mkaguzi. Yeye ndiye anayeona kila kitu.

23 Novemba

Hakuna shahidi.

27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga wa Mama alikauka. Shangazi Chayo alisema tukihamia kwake mimi nitalala na binti zake, na akaeleza kitanda kitakaa wapi. Alisema kwa upendo kabisa. Nilikwenda msalani nikakaa huko.

Nataka niseme kitu ambacho si cha kusema mbele ya watu. Nyumba hii ni mbaya. Inatikisika treni zikipita, inanuka chuma kukiwa na joto. Sijawahi kumleta rafiki, na rafiki mwenyewe simjui ni nani. Lakini naijua kila sauti yake, na humu ndani huwa siogopi.

30 Novemba

Theluji ya kwanza. Kufikia mchana ilikuwa imeshakuwa ya kijivu.

2 Desemba

Leo Kaz amekuja karakanani na paleti zilizovunjika. Nilikuwa nyuma ya rundo la mbao nikifanya hesabu zangu, hakuniona. Baba alikuwa akimjibu kwa neno mojamoja.

"Hivi umenuna nini, Fermín?"

"Unajua."

"Sijui. Mimi naendesha kreni. Ya bosi namwachia bosi." Akatupa paleti chini. "Haya, niambie jambo la maana. Posada ya mwaka huu ikoje? Mtatufukuza tena?"

Misumari ikamponyoka Baba mdomoni.

Lazima nieleze. Babu ndiye aliyeanzisha posada ya mtaa huu. Siku tisa kabla ya Krismasi, zamu ya mchana ikitoka, wafanyakazi wanapita geti kwa geti wakiwaombea Maria na Yosefu mahali pa kulala. Walio nje wanaimba kuomba, walio ndani wanaimba kukataa, wanakwenda mlango mwingine, mpaka nyumba moja ifungue na watu wote waingie wanywe kitu cha moto. Nyumba iliyofungua siku zote ilikuwa yetu. Wanaimba wote, hata wasiojua Kihispania. Kaz amejifunza maneno kwa kusikia tu, anayatafuna kama mtu aliyekula kokoto.

Babu alipokufa Bibi alisema hatufungui, tuna msiba. Lakini mtu akiimba mlangoni mwako huwezi kumnyamazia, huo ni ukosefu wa adabu. Kwa hiyo miaka miwili hii wamekuja mlangoni wameomba, wakakataliwa kwa wimbo nyuma ya mbao, kisha wakaenda kunywa uji wa chokoleti kwenye kiwanda cha chapati. Bibi sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Mama yuko kazini saa hizo. Baba akiimba mbwa wanajibu.

Aliyekuwa akiwakataa ni mimi.

"Ule mwaka wa kwanza," Kaz aliendelea, "nilisahau mstari katikati. Yule mwanamke mle ndani akacheka! Nimesimama kwenye barafu, mishumaa imezimika, nachekwa na mlango. Kisha akanifukuza kwa sauti ya mkuu wa jela. Ni nani yule, shemeji yako?"

Baba alinitazama kupitia upenyo wa mbao. Mimi nilitikisa kichwa: usimwambie.

Baba alisema, "Kaz, ungeweza kuyasema hayo mbele ya bodi?"

Kaz alinyamaza. Sijawahi kumsikia akinyamaza. "Bosi wangu ndiye anayekitaka kiwanja," alisema.

"Najua."

"Basi ngoja nifikirie." Akaondoka na kusahau paleti zake.

3 Desemba

Bi. Tolliver alipiga meza kwa furaha karanga zikaruka. "Kukataliwa! Mnao watu ishirini waliokataliwa mlangoni kwenu kila Desemba na hamkuniambia?" Kisha akanigeukia. "Na aliyewakataa asimame naye aape. Wewe, Odilia."

Nilisema siwezi. Akaniuliza kwa upole, mara ya pili kwa upole zaidi. Nikasema siwezi, nikaona chozi langu limeangukia kitabu chake. Mama alinishika goti chini ya meza. Hakunikaripia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko karipio.

Hawaelewi. Nyuma ya mlango ule hakuna anayeniona. Nasimama gizani kwenye kibaraza cha ndani, mkono juu ya kitasa, naona mwanga wa mishumaa yao chini ya kizingiti, na sauti inatoka kubwa kuliko mimi. Watu wazima wanaomba, mimi nasema hapana, nendeni zenu. Kwa mwaka mzima hiyo ndiyo saa yangu moja ya ujasiri. Nikiimba mbele ya macho ya watu, hata mlango nitakuwa nimeupoteza.

8 Desemba

Lupe amekubali kwenda. Wenzake wawili pia. Lakini wao huimba kwa nyuma, Bi. Tolliver anasema aliyesimama mbele mlangoni ndiye atakayesikilizwa. Aliyesimama mbele ni Kaz.

10 Desemba

Kaz hasemi kitu. Leo nilipita chini ya kreni na hakuniita binti wa mbao. Nilishangaa nilivyoumia.

16 Desemba

Posada ya kwanza. Sijui nianzie wapi.

Waliimba kwa akina zinki, wakaimba yadini, wakaja kwetu. Nilikuwa mahali pangu, mkono kwenye kitasa. Niliuona mwanga chini ya kizingiti. Waliimba ombi lao, Kaz akiwa mbele, anatafuna kokoto zake. Wakamaliza, wakangoja.

Sikuweza.

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nafikiria: sasa wananisikiliza kweli, sasa kila neno ni ushahidi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma yangu. Hakunihimiza. Nje mtu alikohoa. Wakaimba ombi tena tangu mwanzo, kitu ambacho hakifanywi. Wakangoja tena. Halafu nikasikia Kaz akisema kwa Kiingereza, bila mzaha wowote, "Hakuna mtu."

Mwanga ukaondoka kwenye kizingiti.

Nilidhani Bibi atanikasirikia. Alisema tu, "Njoo ule." Mezani akaniambia mara ile ya kwanza nilipowafukuza, mwaka aliokufa babu, alinisikia akiwa kitandani, na ndiyo siku aliyoamka akapika.

17 Desemba

Sikwenda shule.

18 Desemba

Niandike kwa mpangilio.

Ukumbi wa bodi uko ghorofa ya pili. Watu watano mbele, mwenyekiti ni mama mzee mwenye kitambaa cha manyoya shingoni. Kulikuwa na mkalimani wa jiji, kwa hiyo hata kazi yangu ya kutafsiri iliniponyoka. Mkaguzi alisema yake: bili hakuna, sanduku la barua hakuna, madirisha yamezibwa, mlango una alama ya msiba. Alisema pia, nami nitamkumbuka kwa hilo, kwamba mwezi Oktoba alipoingia ndani alikuta watu na chakula jikoni, ila hana njia ya kujua walianza kukaa lini.

Kisha Bibi. Mwenyekiti alimwuliza kwa nini alikata huduma zote kama alikuwa anaishi mle.

Bibi aliinuka, mkoba kifuani. "Kwa sababu walikuwa wanamwandikia kila mwezi, mama. Mpendwa Bwana Anselmo. Mpendwa! Wao wanampendea nini? Mimi ndiye niliyekuwa nampenda." Mkalimani alipomaliza, mwenyekiti alishusha macho kwenye makaratasi.

Lupe alisema yake vizuri, lakini alikiri hakuwa mbele. Bi. Tolliver akatazama mlango, akatazama saa. Mimi nikaogopa ataniita, nikamnong'oneza Mama natoka. Nilipokuwa natoka mtu aliingia kwa haraka akanipiga bega. Alikuwa amevaa suti iliyombana, na nywele amezilaza kwa maji. Ilinichukua muda kumtambua akiwa chini, mahali ambapo watu wengine huwa.

"Samahani, binti wa mbao," alisema Kaz. "Nilikosa pa kuegesha."

Mlango ukajifunga katikati yetu. Niliegemea ukuta wa korido. Mlango wa ukumbi ni wa mbao nzito, lakini haukai sawasawa, na chini una upenyo. Nilisikia kila kitu.

Akaapa. Akasema anafanya kazi wapi. Mmoja wa bodi, mwenye miwani, akamwuliza kama mwajiri wake anajua yuko hapa.

"Anajua. Hajafurahi. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu, atanuna mpaka mwaka mpya."

"Umewahi kuwaona watu wakiingia ndani ya nyumba hiyo kwa mlango wa mbele?"

"Kwa mlango wa mbele hajaingia mtu tangu afe mzee Anselmo."

"Sasa unajuaje kulikuwa na watu?"

"Kwa sababu walinifukuza, bwana. Nyumba tupu haikuambii uende zako."

Watu wakacheka. Yule wa miwani hakucheka. Akauliza kama haikuwezekana kuwa ni redio, au sauti iliyorekodiwa, iliyowekwa ndani makusudi na watu wa karakana.

"Redio haingojei," Kaz alisema. "Yule anangoja. Lupe akikohoa, anangoja. Nikisahau mstari, anangoja, ananicheka, halafu ndiyo ananifukuza. Miaka yote miwili. Na juzi hakujibu." Sauti ilishuka. "Juzi, ndugu zangu, ndiyo nilijua nyumba tupu inasikikaje. Sikuwa nimepanga kuja hapa. Nimekuja kwa sababu ya juzi."

Mwenyekiti akauliza, nadhani kwa udadisi tu, "Na huo wimbo unaimbwaje?"

Kisha Kaz akaimba. Bila gitaa, bila mishumaa, ndani ya ukumbi wa serikali saa nne asubuhi, na Kihispania chake cha kokoto. Aliomba mahali pa kulala. Aliimba vibaya mno. Mtu alianza kucheka akajizuia. Akafika mwisho wa ombi, pale ambapo walio nje hunyamaza, naye akanyamaza.

Pale kwenye wimbo pana nafasi iliyo wazi. Haikai wazi. Ukiwa umekua na wimbo huo huwezi kuiacha, ni kama mtu amekunyooshea mkono na wewe una mkono.

Mbele yangu kulikuwa na mlango uliofungwa. Hakuna aliyekuwa ananiona. Nikaweka mkono kwenye kitasa, nikamjibu. Hapa hapana nafasi, nenda zako. Sauti ilitoka ile ile, ya mkuu wa jela. Ikajaa korido nzima, mlinzi akageuka.

Ndani, Kaz alipiga kelele, "Huyo! Huyo huyo! Mnamsikia?" Na akasahau mstari unaofuata. Kweli kabisa, alisahau. Nikasikia anahangaika, "Ee... ee..." na mimi, Mungu nisamehe, nikacheka.

Halafu mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwenyekiti mwenyewe, amesimama na kitambaa chake cha manyoya. Nyuma yake watu wote wamegeuka. Nilitaka sakafu inimeze.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwenye nyumba hiyo? Miaka yote miwili?"

"Ndiyo. Bibi alikuwa na msiba." Nikaona ananingoja kama Bi. Tolliver anavyoningoja, na safari hii nikaongeza. "Nalala chumba cha nyuma. Treni ya alfajiri ikipita glasi zinagongana kabatini, moja ina ufa. Naishi pale. Kwa shangazi naandikiwa barua tu."

Waliniapisha. Niliyarudia yote mezani kwao, Kiingereza kikitetemeka. Sijui nilimtazama nani. Walinong'onezana, kisha wakapiga kura kwa mikono. Wanne waliinua. Yule wa miwani alikuwa akiifuta kwa tai yake, akaivaa, akatuangalia, akainua naye.

Nyumba ni makazi, na itabaki makazi. Sharti moja: iwe na mita zake yenyewe, kwa jina la mtu aliye hai.

Baba alikaa chini ukutani palepale koridoni na suruali yake nzuri. Mama alimbusu Bi. Tolliver, akambusu Lupe, akambusu mlinzi. Kaz alinijia akiwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miaka miwili nafukuzwa na mtoto wa shule."

"Unasahau maneno," nikamwambia. Ilitoka tu, mbele ya macho yake kabisa, mchana mweupe.

"Heee! Binti wa mbao ana mdomo!" akasema, na akaenda kumwambia kila mtu.

19 Desemba

Nimelala mpaka saa tano. Treni imepita sikuisikia.

20 Desemba

Bibi amevaa koti lake jeusi akapanda basi kwenda ofisi ya umeme, nami nikaenda kumtafsiria. Karani aliuliza jina la mteja. Bibi alisema lake lote, Eduviges na majina yote ya ukoo, polepole, akamtazama yule kijana mpaka alipomaliza kuandika.

22 Desemba

Nimemweleza mwalimu wa Kihispania habari ya anwani ya shangazi. Nilikuwa nimekonda kwa wasiwasi. Alisema mwanafunzi aliyekwisha kuanza hafukuzwi, nirekebishe tu. Kisha akasema, "Hii ni mara ya kwanza unanijia mwenyewe, Odilia." Kumbe.

24 Desemba

Asubuhi Bibi alitoka nje kwa kuzunguka uchochoroni, theluji ikimfika vifundoni, akalifungua fundo jeusi mwenyewe. Alilikunja akaliweka kwenye droo ya babu. Akasema leo tunapokea.

Mama alikuwa na mapumziko, tamale za unga wa mahindi zikachemka tangu alfajiri, madirisha yote yakatoka jasho. Baba alibandua mbao za dirisha moja la mbele. Mwanga wa barabarani ukaingia sebuleni, tukaona vumbi ambalo hatukuwa tukilijua.

Zamu ilipotoka walikuja wote: akina zinki vijana wapya, Lupe na wenzake na sufuria la uji wa chokoleti, Kaz mbele na mshumaa ndani ya kopo. Hata bosi wa yadi alikuwa nyuma kabisa, mikono mfukoni, amenuna kama tulivyoahidiwa. Waliomba. Nikawakatalia. Wakaomba tena, nikawakatalia kwa raha zangu zote. Na tulipofika mahali ambapo wenyeji wanabadili moyo na kuimba karibuni, ingieni, niliimba hayo pia, na nikazungusha kitasa.

Mlango haukufunguka.

Nikavuta. Baba akaja akavuta. Miaka miwili ya unyevu na rangi ilikuwa imeushika kwenye fremu. Tukaendelea kuimba karibuni, ingieni, huku tunavuta, na nje wakasikia wanakaribishwa na mlango umefungwa, wakaanza kucheka.

"Mkuu wa jela!" Kaz aliita. "Amua basi!"

"Sukumeni!" nikapiga kelele. "Nyie sukumeni, sisi tunavuta!"

"Mnataka tuingie au hamtaki?"

"Tunataka! Ni mlango ndio hautaki!"

Wakaweka mabega. Nilisikia bosi wa yadi akisema pisheni, pisheni, kwa sauti ya mtu anayejua vitu vizito, na bega lake likafika. Bibi nyuma yetu alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu. Rangi ikapasuka kwa mlio mrefu, baridi ikanipiga usoni, na mtaa mzima ukaangukia ndani ya sebule yetu, mishumaa na theluji na buti za chuma, Kaz wa kwanza, kwa magoti.

Alinitazama toka sakafuni.

"Shikamoo nyumba," akasema, na mimi nikampa mkono ainuke.